Grisi nyeusi, manda za sambusa na mwanga ndani ya chipu: naomba kueleweshwa

Mkata Faiba · Jumamosi, saa 3:40 usiku

Assalaam aleikum wanabaraza, na wasio wa salamu hiyo hamjambo.

Mimi ni fundi wa faiba, mwaka wa nane huu. Kazi yangu ni kuunga. Jana nilikuwa Bamburi, faiba imekatwa na vijana wa kuchimba mtaro wa maji. Unamenya ganda, unapangusa uzi kwa spiriti, unaukata kwa kisu chake, unaulaza kwenye mashine. Uzi mzima una unene wa maikromita 125, na pale katikati panapopita mwanga ni kama maikromita 9 tu. Mashine ikapiga cheche, vioo viwili vikawa kimoja, skrini ikaandika hasara 0.02 dB (kipimo cha mwanga unaopotea). Nikafurahi kama niliyefunga bao.

Baadaye nikaingia chumba cha mitambo. Nje joto la Machi, ndani baridi ya kuvaa sweta. Nikachomoa moduli moja ya SFP, kile kidude kinachogeuza mwanga wa faiba kuwa umeme na umeme kuwa mwanga, nibadilishe, nikaiachia papo hapo. Imenibabua kidole, na AC yote ile.

Sasa jamani. Mwanga unatoka Fujairah, unakuja na kebo ya TEAMS kama kilomita 5,000 chini ya bahari. Njiani kuna vikuzaji vinavyoupa nguvu bila hata kuugeuza umeme. Unafika Mombasa ukiwa bado ni mwanga. Halafu sisi tunauingiza kwenye kisanduku, tunaugeuza umeme, umeme unaamua pa kwenda, tunaugeuza tena mwanga. Kila kugeuza ni joto, na kila joto ni bili ya stima. Kwa nini mwanga wenyewe usiambiwe pale pale, "wewe pita kushoto"?

Nimesoma kwamba kuna wataalamu wanauongoza mwanga juu ya chipu kwa semikondakta (vitu vya kutengenezea chipu) zenye unene wa atomi tatu. Molibdeni disalfaidi, tangsteni disalfaidi. Nimerudia mara tatu, sikutoka na kitu. Anayejua anieleze kama anavyomweleza fundi, si kama anaandika tasnifu.

Bwana Bando · saa 3:52 usiku

Bei ya bando itashuka? Kama haishuki mimi nalala.

Makupa Gereji · saa 4:05 usiku

Mkata Faiba, hebu rudia hilo jina. Molibdeni disalfaidi? Hiyo si ndiyo grisi nyeusi tunayojaza kwenye CV, kile kiungo cha ekseli ya gari? Nimeenda kuangalia kopo sasa hivi, limeandikwa MoS2 kubwa kabisa. Miaka ishirini naipaka, ikishika shati haitoki hata kwa jiki. Leo mnaniambia ni kitu cha kompyuta?

Binti Kibokoni · saa 4:31 usiku

Ndiyo hiyo hiyo, ami. Umeishika miaka ishirini na hukuambiwa.

Nipo mwaka wa nne, uhandisi wa umeme, nitajaribu. Mwalimu akipita anisahihishe.

Mama yangu huuza manda za sambusa, na Ramadhani nyumba nzima inakuwa kiwanda. Anayejua kuzitengeneza ataelewa hili kuliko profesa. Unasukuma vidonge vya unga viwe vidogo, unapaka mafuta juu ya kimoja, unalaza cha pili, mafuta tena, cha tatu, mpaka vitano sita. Kisha unavisukuma vyote pamoja mpaka unaona ni chapati moja pana. Unapitisha tawani kidogo tu, pande zote. Halafu, kikiwa bado moto kinachoma vidole, unashika ncha na kubandua. Tabaka la kwanza hilo. La pili. Ukilinyanyua juu ya taa unaona kivuli cha mkono wako upande wa pili.

Kwa nini halichaniki? Kwa sababu ndani ya kila tabaka unga umeshikana barabara, lakini kati ya tabaka na tabaka hakuna kilichoshikana, ni mafuta tu.

Molibdeni disalfaidi imeumbwa hivyo hivyo. Kila tabaka lina atomi za molibdeni katikati, salfa juu, salfa chini. Hizo tatu zimekamatana kwelikweli. Lakini tabaka na jirani yake wanashikana kwa nguvu hafifu mno. Ndiyo maana inateleza, na ndiyo maana ami unaitia kwenye CV: vyuma vikisuguana, matabaka yanatelezeana badala ya vyuma kulana. Tabaka moja lina unene wa nanomita 0.65 hivi. Unywele wa mtu ni nanomita elfu themanini au zaidi.

Waliojulikana kwa kubandua ni Andre Geim na Konstantin Novoselov pale Manchester mwaka 2004, kwa selotepu. Ndiyo, selotepu ya dukani. Walianza na grafaiti, ile ya ndani ya penseli, wakapata grafini. Mwaka 2005 wenyewe wakaonyesha kwamba hata hii ya grisi inabanduka. Tuzo ya Nobel wakapewa 2010.

Na mwaka huo huo wa 2010 ndipo likatokea la ajabu, wala si kwa grafini. Vikundi viwili, kimoja cha Columbia na kingine cha Berkeley, vilimulika leza juu ya tabaka moja la molibdeni disalfaidi. Likang'aa. Donge zima la kitu hicho hicho haling'ai, au linang'aa kidogo mno usione. Ukilibandua mpaka libaki tabaka moja tu, linang'aa.

Makupa Gereji · saa 4:40 usiku

Mimi nang'aa grisi mwili mzima na hakuna aliyenipa Nobel.

Lakini binti, kwa nini likiwa moja ndiyo ling'ae? Kitu kikipunguzwa hupungua.

Maalim Tudor · Jumapili, saa 12:20 asubuhi

Nimesoma baada ya Alfajiri. Binti Kibokoni, umefundisha vizuri, mfano wa manda nitauiba.

Jibu la Makupa Gereji. Ndani ya semikondakta elektroni hukaa chini, ukiipa nishati inapanda juu, na ikishuka inatoa nishati hiyo. Inaweza kuitoa kama mwanga au kama joto. Katika donge nene, ile ngazi ya kushukia haiko chini yake moja kwa moja, iko pembeni. Elektroni inalazimika kuhama kwanza, na kuhama huko kunahitaji kutikisa atomi. Nyingi zinaishia kumwaga nishati yao kama joto. Tabaka likibaki moja, mpangilio wa ngazi unabadilika: ya chini inakuja kukaa chini ya ya juu wima kabisa. Elektroni inadondoka moja kwa moja, mwanga unatoka. Pengo lenyewe kati ya ngazi hizo linapanuka pia, kutoka elektronivolti (kipimo cha nishati) 1.3 kwenye donge hadi karibu 1.9 kwenye tabaka moja, yaani rangi nyekundu.

Silikoni ina ugonjwa ule ule wa ngazi ya pembeni. Ni mfalme wa chipu zote duniani, lakini kutoa mwanga haijui. Ndiyo maana Mkata Faiba, leza iliyomo ndani ya moduli yako iliyokubabua si ya silikoni. Imetengenezwa kwa kitu kingine, ikaja kuunganishwa.

Haambiliki · saa 1:15 asubuhi

Nawasoma tu. Grafini tuliambiwa itabadilisha dunia, tukaambiwa simu zitakunjwa kama leso, betri zitajaa kwa dakika moja. Miaka imepita, grafini nimeiona kwenye raketi ya tenisi. Sasa mnakuja na grisi. Kila baada ya miaka mitano kuna kitu chembamba.

Halafu faida yenyewe ni nini? Kwamba mwanga una kasi kuliko umeme? Basi intaneti itakuwa na kasi zaidi? Nionyesheni.

Maalim Tudor · saa 2:02 asubuhi

Haambiliki, hilo la kasi nalisahihisha mapema kabla halijaota mizizi, maana wengi wanalo. Ishara kwenye waya wa shaba nayo hukimbia kwa kasi inayokaribiana na ya mwanga ndani ya faiba, zote kama theluthi mbili ya kasi ya mwanga angani. Ndani ya faiba ni kilomita 200,000 kwa sekunde hivi. Kilomita 5,000 mpaka Fujairah ni milisekunde 25 kwenda, 25 kurudi. Hakuna chipu itakayozipunguza hizo, iwe nene au nyembamba. Huo ni umbali.

Faida ni mbili nyingine. Uzi mmoja wa faiba unabeba rangi nyingi za mwanga kwa pamoja, kila rangi na data yake. Na mwanga ukisafiri hauchemshi njia kama umeme unavyochemsha waya. Kazi ngumu ni kuuongoza, na hapo ndipo swali la Mkata Faiba lilipo. Nimejiwekea chai, nitaliandika taratibu.

Chukueni ramani ya kisiwa chetu. Bahari ikijaa, maji yanaingia kwa milango miwili: huku Kilindini upande wa Likoni, na kule mbele ya Mji wa Kale kuelekea mkono wa Tudor. Yanazunguka kisiwa pande zote mbili mpaka Makupa nyuma. (Zamani pale palikuwa pamezibwa na tuta la barabara, maji hayapiti. Tangu daraja jipya la 2022 yanapita, na wavuvi wanajua tofauti.) Sasa wazieni wimbi moja tu limegawanyika mara mbili, nusu imepita Kilindini, nusu imepita Mji wa Kale. Zikifika Makupa kwa pamoja, kilele kwa kilele, wimbi linarudi kuwa kubwa. Nusu moja ikicheleweshwa kidogo tu, kilele cha hii kinakutana na bonde la ile. Maji yanatulia, kama hapakuwa na wimbi.

Swichi nyingi za mwanga ndani ya chipu ndivyo zilivyo. Mwanga unagawanywa kwenye mifereji miwili, mmoja unacheleweshwa, inakutana tena. Zikikubaliana ni moja, zikipingana ni sifuri. Mfereji wenyewe ni kama nanomita 500 kwa upana na 220 kwa kimo.

Utaucheleweshaje mwanga? Kila kitu kina namba inayoonyesha kinapunguza mwendo wa mwanga mara ngapi. Kioo cha faiba ni 1.44. Silikoni ni 3.48. Ukiweza kuibadilisha namba hiyo kidogo, umechelewesha mwanga. Kwa miaka mingi njia zimekuwa mbili.

Ya kwanza ni joto. Namba ya silikoni hupanda kwa takriban 0.00018 kwa kila digrii. Pigeni hesabu na mimi. Mwanga wa faiba una urefu wa wimbi wa nanomita 1,550, na tunataka kuuchelewesha nusu wimbi. Mfereji una urefu wa maikromita 100. Inabidi namba ibadilike kwa 0.00775. Gawa kwa 0.00018, unapata digrii 43. Yaani kila ukitaka kusema "zima", unakipasha kipande hicho moto digrii arobaini na tatu juu ya joto lililopo, na kukisubiri kipoe ukitaka kusema "washa". Kipande jirani nacho kinapata vuguvugu na kuanza kukosea. Mkibandika elfu moja za hizo kwenye chipu moja mmejenga jiko.

Ya pili ni kuingiza chaji za umeme ndani ya silikoni. Soref na Bennett waliieleza mwaka 1987. Hii ni ya haraka sana. Mwaka 2005 kundi la Michal Lipson, wakati huo akiwa Cornell, lilionyesha pete ya silikoni ya kipenyo cha maikromita 12 inayofungua na kufunga mwanga kwa njia hii. Lakini ina dhambi yake: chaji zile zile zinazouchelewesha mwanga ndizo zinazoula. Kila swichi inameza kidogo. Pitisha mwanga kwenye swichi mia, uone kama utafika.

Basi tatizo ni hilo. Anayechelewesha bila kula ni mzito na ana joto. Aliye mwepesi anakula.

Bwana Bando · saa 2:10 asubuhi

Anayechelewesha bila kula ni feri. Mwepesi anayekula ni boda. Endelea maalim.

Mkata Faiba · saa 3:30 asubuhi

Maalim, Mungu akuweke. Nimeelewa hesabu ya jiko, nimesoma mara moja tu.

Sasa nina tatizo langu kama fundi. Mfereji una kimo cha nanomita 220. Tabaka la binti lina nanomita 0.65. Ukilibandika juu ya mfereji, ni kama kupaka rangi ukuta wa Ngome na kusema umeuhamisha. Mwanga uko ndani, tabaka liko nje. Watakutana wapi?

Binti Kibokoni · saa 4:18 asubuhi

Kaka, hilo wewe unalijua kwa macho kuliko sisi. Ile kalamu ya mwanga mwekundu mnayotafutia faiba iliyovunjika, ukiikunja faiba sana unaona nini?

Mkata Faiba · saa 4:25 asubuhi

Naona inawaka nyekundu pale kwenye kona. Mwanga unatoka.

Subiri. Unatoka kwa sababu haukuwa wote ndani.

Binti Kibokoni · saa 4:47 asubuhi

Hapo hapo. Mwanga haukai ndani ya mfereji kama maji ndani ya bomba. Una ukingo unaotokeza nje kidogo, kama joto la chungu linalokufikia kabla hujakigusa. Tabaka likilala juu ya mfereji, ukingo ule unaligusa njia nzima. Kila hatua athari ni ndogo, lakini hatua ni nyingi. Na mfereji ukiwa pete, mwanga unazunguka mara nyingi kabla ya kutoka, kila mzunguko unaligusa tena.

Halafu tabaka lenyewe si rangi ya ukuta. Grafini, tabaka moja, inameza asilimia 2.3 ya mwanga. Atomi moja tu ya unene! Hizi za tangsteni na molibdeni, kwenye rangi yao wanayoipenda, tabaka moja linaweza kupita asilimia 10. Sababu ni kitu kinaitwa ekisitoni. Elektroni ikipanda inaacha tundu, na tundu linaivuta. Katika semikondakta nene kama galiamu aseni, zinavutana kwa milielektronivolti (elfu moja ya elektronivolti) kama 4, na nishati ya joto la chumba ni kama 25 za hizo hizo, kwa hiyo joto linazitenganisha mara moja. Kwenye tabaka moja hakuna vitu vingi vya kuingilia kati, zinakumbatiana kwa mamia ya milielektronivolti. Hata joto la Machi la hapa haliziachanishi.

Nguvu ya hizo ekisitoni ilionekana vizuri mwaka 2018. Kundi la Harvard lilitengeneza kioo cha kujitazamia cha tabaka moja la molibdeni diselenaidi, ndugu ya disalfaidi. Kikarudisha hadi asilimia 85 ya mwanga wa rangi yake. Kundi la Zurich nalo likafanya lake mwaka huo huo. Na ukibadilisha volti kioo kinakuwa si kioo tena. Ila, Haambiliki usinirukie, vilikuwa kwenye baridi ya kelvini 4, nyuzi 269 chini ya sifuri.

Haambiliki · saa 5:02 asubuhi

Nilikuwa nimeshanyanyua kidole kuandika. Basi, baridi ya kelvini 4 haipatikani hata kwenye kiwanda cha barafu cha samaki. Na pia umesema linameza asilimia 10. Maalim ametuambia tatizo ni kuliwa kwa mwanga. Mmetoka kwenye mla mwanga mdogo mkaenda kwa fisi?

Maalim Tudor · saa 7:35 mchana

Swali zuri kuliko yote ya uzi huu, na mwenye nalo ni mpinzani.

Linameza kwenye rangi yake tu. Chukulia semikondakta ni duka la kitu kimoja. Tangsteni disalfaidi inauza kwa elektronivolti 2, tuseme shilingi 2. Fotoni nyekundu, yaani chembe ya mwanga mwekundu, inayo shilingi 2, inanunua, inamezwa. Lakini mwanga wa faiba wa nanomita 1,550 una elektronivolti 0.8. Una senti 80. Unapita mbele ya duka, unatazama, hauna uwezo, unaendelea na safari ukiwa mzima. Huko tabaka ni safi kama kioo cha dirisha.

Ni hapo kazi ya 2020 ilipofanyika, ya Ipshita Datta na wenzake katika kundi la Lipson, ambaye sasa alikuwa Columbia. Walilaza tabaka moja la tangsteni disalfaidi juu ya mifereji ya silikoni naitraidi. Wakaliingizia chaji kwa volti. Chaji zikiingia, ekisitoni zinavurugika, na vurugu hiyo inafika mbali mpaka kwenye rangi ya senti 80. Huko haileti kumeza, inaleta kuchelewa. Walipima: badiliko la kuchelewa lilikuwa kubwa mara 125 hivi kuliko badiliko la kumezwa. Silikoni iliyojazwa chaji haifiki huko.

Kwa hiyo si fisi. Ni mwenye duka anayekuchelewesha kwa maneno njiani na hakuuzii chochote. Mnawajua.

Makupa Gereji · saa 7:50 mchana

Namjua, ana duka la vipuri Mwembe Tayari.

Mkata Faiba · saa 8:15 mchana

Hii ya 125 imeniingia. Kwenye kazi yangu kila kitu ni dB. Kila kiungo, kila kona, kila plagi yenye vumbi inakula. Mteja haoni, lakini mwisho wa laini mwanga unafika umechoka. Nilidhani shida ya hizo chipu ni kuufanya mwanga ukimbie. Kumbe ni ile ile yangu ya kwenye ngazi: kumwambia pinda, apinde, na asipungukiwe.

Na joto? Ile pete ya maikromita 12, mimi nikiiweka kwenye kisanduku cha barabarani Changamwe saa nane mchana, itabaki kwenye rangi yake?

Binti Kibokoni · saa 8:58 mchana

Haibaki, kaka. Pete ya silikoni rangi yake inahama kama nanomita 0.07 au 0.08 kwa kila digrii. Jua likipanda digrii 20 imeshahama zaidi ya nanomita 1, na kwenye faiba za rangi nyingi hiyo ni nyumba ya jirani tayari. Ndiyo maana leo zinapashwa moto makusudi ili zishikiliwe mahali pamoja. Silikoni naitraidi haisumbuliwi na joto kama silikoni, inahama mara kadhaa pungufu. Lakini kwa sababu hiyo hiyo kuiendesha kwa joto ni kazi ngumu zaidi. Kwa hiyo mfereji mtulivu usiosikia joto, na tabaka jembamba juu yake linalosikia volti, ni ndoa nzuri.

Kuna na ile ya Chicago ambayo naipenda zaidi. Mwaka 2023 kundi la Jiwoong Park wa Chuo Kikuu cha Chicago liliacha mfereji kabisa. Wakachukua tabaka lenyewe la molibdeni disalfaidi, atomi tatu, wakapitisha mwanga humo. Ukasafiri hadi sentimita moja! Sehemu kubwa ya mwanga iko nje ya tabaka, juu na chini yake, lakini unalifuata. Ni kama ngalawa na upepo: tanga ni jembamba, upepo ni mkubwa, na bado tanga ndilo linaloamua. Na kwa kuwa mwanga uko nje, unaweza kuuwekea vitu njiani, vilenzi, vipembetatu vya kuupindisha, ukaufanyia kazi ukiwa unapita.

Kuhusu leza aliyosema maalim, ile isiyotoka kwenye silikoni: mwaka 2017 kuna waliolaza tabaka moja la molibdeni diteluraidi juu ya kijiti cha silikoni chenye matundu, wakapata leza kwenye joto la kawaida la chumba. Rangi yake silikoni haiimezi. Ilisukumwa kwa leza nyingine, si kwa umeme moja kwa moja, kwa hiyo Haambiliki bado una nafasi ya kulalamika.

Haambiliki · saa 9:20 alasiri

Nashukuru kwa nafasi. Basi nalalamika rasmi. Selotepu. Mtajenga kiwanda cha watu wanaobandua kwa selotepu?

Maalim Tudor · saa 10:05 jioni

Hapo ndipo pagumu, sitaki kumfunika mtu macho. Selotepu ni ya maabara, inatoa vipande vidogo mno. Mwaka 2015 Park huyo huyo, akiwa bado Cornell, na wenzake waliotesha tabaka la molibdeni disalfaidi na la tangsteni disalfaidi kutokana na gesi, likafunika sahani nzima ya inchi 4. Ni hatua kubwa. Lakini viwanda vya chipu hutumia sahani za milimita 300, na chumba cha kuoteshea ni cha moto mkali ambao chipu iliyokwisha kujengwa haiuvumilii. Kwa hiyo mara nyingi tabaka huoteshwa mahali pengine kisha huhamishwa. Kuhamisha kitu cha atomi tatu bila kukikunja, bila kukichana na bila kukiachia uchafu wa gundi, hapo ndipo wengi wanapolilia. Pia kukiunganisha na nyaya za umeme si rahisi.

Mimi nimefundisha fizikia miaka thelathini na moja, na nikiulizwa nitasema hivi: kwenye chumba cha mitambo cha Mkata Faiba sitarajii kukiona karibuni. Leo moduli zinaboreka kwa silikoni yenyewe na kwa lithiamu niobeti. Lakini wazo la kuongoza mwanga bila kuula halitarudi nyuma, kwa sababu bili ya joto hairudi nyuma.

Makupa Gereji · saa 11:40 jioni

Taarifa kutoka maabara ya Makupa. Nimechukua grisi, nikapaka kwenye kigae, nikabandika selotepu, nikabandua mara kumi kama wale wa Manchester. Matokeo: selotepu haishiki tena, kigae hakisafishiki, na mke wangu anauliza nani amegusa pazia.

Maalim Tudor · saa 11:52 jioni

Ndugu yangu, grisi imechanganywa na mafuta, na chembe zake ni unga tu. Wao hutumia jiwe lenyewe, molibdenaiti, linalotoka ardhini likiwa na matabaka makubwa, linang'aa kama risasi. Pole kwa pazia. Jaribu penseli, kwa grafaiti utapata alama ya kijivu kwenye selotepu, ukiibandua tena na tena inapauka. Kwenye upauko huo kuna vipande vya matabaka machache sana, ingawa kwa macho hutajua kipi ni kipi.

Binti Kibokoni · saa 2:10 usiku

Nimemsomea mama uzi wote akiwa anakanda. Amecheka sana kwa pazia. Halafu akanisahihisha mbele ya wadogo zangu. Anasema nimekosea manda: mafuta peke yake hayatoshi, lazima unyunyize unga juu ya mafuta, la sivyo tawani zinashikana na kubandua ni kuchana. Na anasema kubandua si kazi, kila mtoto wa Kibokoni anaweza. Kazi ni baada ya kubandua: uzipange zisikauke ncha, zisishikane tena, zisikunjike, na zifike kwa mteja zikiwa bado laini. Yeye huzifunika kitambaa kibichi na kuzitenganisha kwa unga kidogo.

Nikamwambia mama, umeeleza tatizo la kuhamisha matabaka vizuri kuliko mwalimu wangu wa semesta hii. Na kwamba Harvard nao walilifunika lile la kioo chini na juu kwa tabaka la boroni naitraidi ili lisichafuke. Akauliza, "Kitambaa kibichi?" Nikasema ndiyo, mama, ndicho hicho.

Haambiliki · saa 2:24 usiku

Haya, kwa hilo nimenyamaza. Mama anauza pakiti shilingi ngapi, na Likoni zinafika?

Binti Kibokoni · saa 2:31 usiku

Nitumie ujumbe pembeni. Zinafika, ila uzipokee feri saa kumi na moja kabla hazijakauka.